Mafuta Yasiyokaanga Kitu

Kabla kiwanda hakijapanuliwa, yalikuwa yanaingia mapipa matatu tu kwa siku, na Mpimaji aliyajua yote kwa harufu.

Kazi yake ilikuwa maabara, kwenye chumba chenye dirisha moja na meza ya vigae vyeupe, na vipimo vyote vilifanywa na mashine. Lakini kila pipa lilipoingia getini, yeye kwanza alifungua kifuniko, akainama, akavuta pumzi. "Hili la mama wa chipsi," angesema. "Hili limetoka shuleni. Walikaanga samaki, na mpishi alikuwa na haraka." Wenzake walimtania kwamba siku atakayopata mafua kiwanda kitafungwa. Naye aliwajibu kwamba siku hiyo wao ndio watakaoinamia mapipa, tena wavue kofia kwanza.

Mwenye kuyaleta alikuwa kaka yake wa tumbo moja, ambaye mji mzima ulimwita Madumu. Kwa miaka sita Madumu alizunguka na pikipiki ya magurudumu matatu akikusanya mafuta ya kukaangia yaliyochoka, yale ambayo zamani wapishi waliyamwaga mtaroni. Kiwandani yalichujwa, yakatolewa maji na chumvi, kisha yakasukumwa ndani ya kinu chenye joto kali pamoja na gesi ya haidrojeni. Yaliyotokea upande wa pili yalikuwa maangavu kama maji ya kunywa, na ndege iliweza kuruka nayo. Mpimaji aliipenda kazi hiyo kwa sababu moja tu aliyoweza kumweleza mama yake mzazi akaelewa: kitu kilichokuwa kinaziba mitaro sasa kinapeleka watu safari, na hakuna aliyenyang'anywa chochote.

Mwaka wa saba kikajengwa kinu kikubwa. Kampuni moja ya ndege ilitaka mafuta hayo, si kwa majaribio, bali kila wiki. Mhandisi, kijana mpole aliyekuwa akila chakula chake cha mchana amesimama, aliwaita wafanyakazi ukumbini akawaambia kuanzia sasa kiwanda kitahitaji mapipa mia mbili kwa siku.

Watu walipiga makofi. Mpimaji alimtazama kaka yake, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma na kofia mapajani. Madumu alikuwa anapiga makofi pia, lakini taratibu, kama mtu anayepima kitu baina ya viganja.

"Kaka, mia mbili?" alimuuliza walipotoka.

"Tutajikaza kisabuni."

"Unajua hata mapipa ishirini yanatoka wapi?"

"Mdogo wangu, miaka sita nimewaomba waniongezee kazi. Leo wameniongezea nikatae?" Akavaa kofia, akacheka, akaondoka.

Na kwa kweli alijikaza. Aliajiri wakusanyaji kumi na wawili, akakodi malori mawili, akaenda hadi miji ya jirani. Mwezi wa kwanza mapipa yalifika thelathini. Mwezi wa pili hayakuongezeka hata moja, na Mhandisi akawa anashuka mwenyewe getini kuhesabu. Kinu kikubwa hakipendi kulishwa kidogo. Joto lake hupanda na kushuka, na kile kichocheo cha ndani, zile punje ghali zinazofanya mafuta yageuke, huanza kufa. Halafu mwezi wa tatu, ghafla, yakawa mia. Wiki mbili baadaye, mia na themanini. Kila aliyekutana na Mpimaji kwenye korido alimpongeza kwa ajili ya kaka yake, naye alipokea pongezi hizo kwa furaha, maana hakuwa na sababu ya kufanya vingine.

Ilikuwa Jumanne asubuhi alipofungua pipa moja, akainama, akavuta pumzi, na asisikie kitu.

Mafuta yalikuwa meusi, mazito, kama yaliyotumika mwezi mzima. Lakini hayakuwa na samaki wala kiazi wala yai wala kitunguu. Yalinuka moto tu. Akafungua la pili, la tatu, la kumi. Yote mabubu. Alichukua sampuli, akapanda maabara, akafunga mlango. Mafuta yaliyokaanga chakula huwa na chumvi, maana watu hutia chumvi. Huwa na maji, maana chakula kina maji. Na chini huwa na makombo. Haya hayakuwa na chumvi, wala maji, wala hata chembe ya ngano. Alirudia vipimo mara tatu, kisha akakaa juu ya kiti kirefu. Mafuta haya hayajawahi kukutana na chakula. Mtu amechukua mafuta mapya ya dukani, akayachoma mpaka yakawa meusi.

Saa saba mchana alienda kununua chipsi kwa yule mama aliyemjua miaka yote. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jiko baridi.

"Leo umefunga?"

"Leo, jana, na juzi." Mama wa chipsi alinyoosha miguu. "Hujaenda dukani wewe? Mafuta yamekuwa kama dawa, mtu mmoja dumu moja, na ukichelewa hupati. Nasikia siku hizi machafu yana bei kushinda masafi. Hebu niambie wewe uliyesoma: tangu lini makombo yakawa bora kuliko chakula?"

Mpimaji alitazama saa. Alisema ana haraka.

Jumamosi alienda nyumbani kwa kaka yake bila kupiga simu. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, ambako kulikuwa na ua mpana uliozungushiwa mabati. Makarai sita makubwa yalikuwa yamepangwa mstari juu ya majiko ya gesi, kila moja limejaa mafuta yanayofuka. Kando ya ukuta kulikuwa na rundo la madumu matupu, mapya, lebo za dukani bado zinang'aa. Wifi yake, mke wa Madumu, alikuwa anatembea kutoka karai hadi karai na mwiko mrefu, amejifunga kitambaa puani. Hakukuwa na kiazi hata kimoja.

"Karibu, wifi," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa akimngoja. "Usisogee sana, yanaruka."

Madumu alitoka ndani akiwa na kikombe cha chai. Alipomwona dada yake alikiweka chini polepole.

"Umeyanusa," alisema.

"Kaka, umefanya nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nisikilize. Nilipiga hesabu. Mji huu na miji mitano ya jirani, wakikaanga kutwa kucha mpaka watu wapasuke, haifiki mapipa thelathini na tano. Nilimwambia Mhandisi. Akaniambia nitafute njia. Nimeitafuta."

"Watu hawana mafuta ya kupikia!"

"Nisipoyanunua mimi, wapo wanaoyanunua. Wale wakusanyaji wangu wawili tayari wana makarai yao. Unadhani yale mapipa mengine yanatoka wapi?"

"Karatasi ya mapokezi inasema mafuta yaliyotumika. Mimi ndiye ninayeisaini."

"Na yametumika," alisema Madumu. "Nimeyatumia kupikia mafuta." Alicheka peke yake. Mkewe aliendelea kukoroga, akasema bila kugeuka:

"Wifi, sisi tumeshaingia, na mimi hata kutoka sijui tutatokea wapi. Kalamu unayo wewe. Ukiona ya kukataa, kataa. Sitakuchukia."

Jumatatu asubuhi mapipa yalikuwa yamepangwa getini, na dereva amenyoosha karatasi. Mpimaji aliishika kalamu. Alimfikiria mama yao, ambaye dawa zake za moyo zilinunuliwa na Madumu. Aliwafikiria watoto watatu wa kaka yake. Alifikiria na makofi ya ukumbini. Akasaini. Alijiambia ni kwa siku hiyo tu, mpaka aongee na Mhandisi.

Aliongea naye Jumatano. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaisugua kwa ncha ya shati.

"Kinu kinasemaje?" aliuliza.

"Kinayapenda. Ni masafi kuliko yale ya zamani."

"Najua. Nimeona kwenye vipimo vyangu." Aliiinua miwani kwenye mwanga. "Dada, unafikiri sijui? Niliwaandikia walio juu mara mbili, kwamba mafuta machafu ya kutosha kinu hiki hayapo nchi nzima. Walijenga kwanza, wakahesabu baadaye. Unajua walinijibu nini? Hakikisha karatasi zimekamilika."

"Basi simamisha kinu."

"Nikikizima, kichocheo kinaharibika na hakuna kingine. Watu mia tatu wanarudi nyumbani, mimi nikiwa wa kwanza, na kesho yake analetwa mwingine wa kukiwasha." Akavaa miwani. "Ukiwa na njia, nionyeshe. Sikufanyii mzaha. Nionyeshe, nitaifuata."

Alirudi maabara. Siku ile, na kesho yake, na wiki nne zilizofuata, alifikiri njia. Kila aliyoipata iliishia kwenye mlango wa mtu aliyekuwa na haki ya kusema si kazi yangu. Akaendelea kusaini. Aliacha kufungua vifuniko.

Safari ya kwanza ya ndege ilipokaribia, tangi la uwanjani lilihitaji kujazwa, na Mhandisi aliomba mapipa kumi ya ziada kwa siku. Ombi hilo lilipita mezani kwa Mpimaji kama yalivyopita mengine, naye akaliweka kwenye faili. Madumu akaongeza makarai mawili.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Madumu alikuwa kwenye foleni ya malori nje ya geti la kiwanda. Mkewe alikuwa peke yake na makarai manane. Mafuta ukiyaacha yapande joto kupita kiasi huwaka yenyewe bila kuguswa na moto; Mpimaji alijua hivyo, na hata kiwango chake cha joto alikijua kwa moyo. Karai la mwisho liliwaka. Wifi angeweza kulifunika, na alikuwa amekwenda kuchukua bati la kufunikia, lakini jirani aliyeona moto juu ya mabati aliingia mbio na ndoo ya maji. Jirani mwema, mtu wa kusaidia. Maji yalipogusa mafuta yale, moto uliruka ua mzima. Jirani alirushwa nyuma, akapona na michubuko. Wifi alikuwa ameinua mikono kujikinga uso.

Mpimaji alimkuta kaka yake kwenye korido ya hospitali, ameketi sakafuni ingawa viti vilikuwepo. Alikaa kando yake. Nyuma ya pazia walisikia sauti ambayo hawakuweza kusema ni ya nani, ingawa wote wawili walijua.

"Nilikuwa getini kwenu," Madumu alisema. "Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nikajiambia nikishusha hii, nitamwambia apumzike."

"Kaka."

"Alikuwa amelalamika kichwa asubuhi. Nikamwambia anywe maji."

Muuguzi alitoka akauliza nani ndugu wa karibu. Wote wawili walisimama. Aliwaambia uso umenusurika, shingo itapona, lakini mikono, hasa vidole, wasubiri waone. Wasubiri kwa muda gani, hakusema. Alipewa jina lingine la kuita, akaenda.

Siku tatu baadaye ndege iliruka. Wafanyakazi walipelekwa na basi hadi uzio wa uwanja, wakapewa kofia. Mpimaji hakwenda, alikuwa anamlisha wifi yake uji kwa kijiko. Wifi alimeza mara nne, akafumba macho.

"Wifi, ukiulizwa," alisema, "usiseme nilikuwa napika mafuta. Sema nilikuwa nakaanga kitu. Watu wasinicheke."

Mkaguzi alifika wiki mbili baada ya hapo. Alikuwa mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi, ametumwa na wale wanaotoa cheti kwamba mafuta ya ndege yametokana na taka kweli. Alikagua kwa siku mbili akaona kila kitu kiko sawa. Siku ya pili, saa tisa, alipokuwa anafunga mkoba, Mpimaji aliingia na daftari lake la vipimo akaliweka mezani mbele yake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alisema yote: pipa la kwanza bubu, ua, makarai, moto. Jina la kaka yake alilisema mara mbili.

Mkaguzi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, nakuamini," alisema mwishowe. "Lakini hizi karatasi za mapokezi zina saini yako."

"Ni yangu."

"Kwa hiyo kukuamini leo ni kusema ulidanganya jana."

"Nilidanganya jana."

Mkaguzi alifungua tena mkoba na kuanza kuandika. Aliandika kwa haki, neno kwa neno, na Mpimaji alipotoka pale alihisi mwili mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Wepesi huo ulidumu siku tisa.

Siku ya kumi barua zilifika. Madumu aliondolewa kwenye orodha ya wakusanyaji, yeye na wenzake wote kumi na wawili, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuchoma tone. Mpimaji alipewa onyo la maandishi na kuachwa kazini, maana hakukuwa na mwingine aliyeijua mashine. Kiwanda hakikusimama hata saa moja. Siku ileile lilianza kuingia gari moja refu la tangi, kisha mengine, kutoka kwa wakala wa ng'ambo aliyekuwa na karatasi zenye mihuri saba.

Alipima tangi la kwanza. Chumvi hakuna. Maji hakuna. Makombo hakuna.

Alimpigia Mkaguzi simu. Ilipokelewa mara ya tatu.

"Unakumbuka vipimo vile?" alisema. "Haya ni yaleyale. Tofauti ni kwamba haya yamevuka bahari."

"Karatasi zake zimekamilika, mama?"

"Zimekamilika. Ndiyo maana nakupigia."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa. "Mimi cheti changu kinaanzia getini kwenu. Yanakotoka kuna mkaguzi mwingine. Nitamwandikia."

"Atajibu?"

"Nitamwandikia," alirudia, na Mpimaji alielewa kwamba mtu huyu naye ana kinu chake kisichozimika.

Mafuta yalirudi madukani mjini, na mama wa chipsi akawasha jiko. Ng'ambo huko, kwenye mji ambao Mpimaji asingeujua jina, labda kulikuwa na mama mwingine amekaa juu ya ndoo. Aliliwaza hilo mara nyingi, na kila mara aliishia kutazama mikono yake mwenyewe juu ya vigae vyeupe.

Madumu hakusema naye tena. Aliwaambia watu kwamba dada yake amemwaga mtama kwenye kuku wengi, na kwamba angalau adui hukuaga kabla hajakuua. Alipata kazi ya kupakia mchanga. Mama yao alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Alisema amezaa watoto wawili, wote hawakosei, na wote wamemwumiza.

Wifi ndiye aliyemfungulia mlango. Kila Jumamosi Mpimaji alikwenda, akamwosha nywele, akamsuka, akawafulia watoto. Daktari alikuwa ametoa sifongo laini na kusema aikamue kutwa, ili vidole visishikane kabisa. Viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikana tayari.

"Kamua," alisema Mpimaji.

"Nakamua."

Sifongo haikubonyea.

"Ndege ilifika?" wifi aliuliza siku moja, akiitazama sifongo.

"Ilifika salama."

"Ilikuwa na watu wengi?"

"Ilijaa."

"Haya." Alijaribu tena, mshipa wa shingo ulimtoka, kovu likavutika. "Sasa wanarusha kila wiki?"

"Mara mbili kwa wiki."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Madumu aliingia na vumbi la mchanga hadi kwenye kope, akamwona dada yake, akasimama. Mpimaji aliinuka nusu kutoka kwenye mkeka. Madumu alichukua ndoo iliyokuwa kando ya mlango akatoka nayo, na wakamsikia akifungua bomba uani, maji yakimiminika kwa muda mrefu kuliko ujazo wa ndoo.

Wifi alimtazama Mpimaji, kisha akanyoosha mkono wa kulia. "Nishikie," alisema. "Kamua na mimi."

Mpimaji alivizungusha vidole vyake juu ya vidole vile vigumu, akabonyeza taratibu, akiogopa kuumiza, akiogopa pia kutobonyeza vya kutosha.